Baruti ya Haraka na Baruti ya Taratibu

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, Mmarekani aliyejaza maganda ya bastola yake kwa mkono hakuwa na mashaka makubwa ya kuchagua baruti, kwa kuwa baruti ilikuwa moja tu: shura, makaa na kiberiti, vilivyosagwa pamoja, vikashindiliwa, kisha vikavunjwa chembe, na shura ikawa takriban robo tatu ya uzito wote. Hiari yake ilikuwa katika ukubwa wa chembe, maana zilizo ndogo huungua upesi zikafaa bastola, ilhali zilizo kubwa huungua taratibu zikafaa bunduki na mizinga. Jamaa ya du Pont walikuwa wameanza kuisaga kando ya mto Brandywine, katika jimbo la Delaware, tangu mwaka 1804. Na pwani yetu nayo haikuwa mbali na biashara hiyo, kwani mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sultani Seyyid Said na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, uliwaruhusu Wamarekani kuuza baruti na bunduki katika bandari za Sultani, ila kisiwani Unguja, ambako hawakuwa na ruhusa ya kumwuzia yeyote isipokuwa serikali yake.

Bastola ya Colt iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1873 ilikuwa na ganda refu, lililokadiriwa lichukue takriban gramu 2.6 za baruti nyeusi nyuma ya risasi nzito ya gramu 16 na ushei. Baruti ile ilikuwa na moshi mwingi, na masizi yake yalikuwa udhia kwa mwenye kusafisha silaha, lakini ilikuwa na fadhila moja ambayo haikutambulikana mpaka ilipotoweka: ilijaza ganda lote, hata mtu asingeweza kuimimina mara mbili kwa kusahau. Kwa hiyo wachungaji wa ng'ombe na wawindaji wa mbugani waliifanya kazi hii bila ya ilimu kubwa, wakitumia vyombo kama vile alivyouza John Barlow wa kampuni ya Ideal, koleo moja lililobeba na kalibu ya kusubia risasi.

Mwaka 1884 Paul Vieille alitengeneza huko Ufaransa baruti isiyo na moshi, iliyotokana na nyuzi za mimea zilizotiwa tindikali, na hapo ndipo tadbiri ya kuchagua ilipoanza kwa hakika. Kabla karne haijaisha kampuni ya Laflin & Rand ilikuwa imetoa baruti ya Bullseye, na punde baadaye ikafuata Unique; zote mbili zikaingia mikononi mwa Du Pont, kisha mwaka 1912, mahakama ilipoamuru kampuni hiyo kubwa igawanywe, zikawa fungu la kampuni mpya ya Hercules.

Bullseye ni baruti yenye haraka, na kiasi chake ni kidogo mno; ukiimimina katika ganda lile refu la mwaka 1873, hukaa chini kabisa, na mkono uliosahau waweza kuirudia, hata kuirudia tena, bila ya jicho kushuku. Hatari ya pili ni ya risasi yenyewe. Kitu kizito hakikubali kuondoka upesi, na moto wa haraka haungoji. Basi kani hupanda chumbani kabla risasi haijapata mwendo. Na kwa vile risasi ni madini laini, hewa ya moto ikipata upenyo kandoni mwake huila kitakoni na kuipaka katika mifereji ya ndani ya mtutu, mpaka shabaha ipotee. Wasubu waliitia bati na antimoni ili iwe ngumu, wakajaza mikato yake nta na shahamu, lakini dawa hizo hazikutosha maadamu baruti ilikuwa na pupa.

Mtu aliyelivalia njuga jambo hili ni Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa jimbo la Idaho, ambaye kwa kalamu alikuwa mgomvi na mwenye kujisifu kupita kiasi, lakini katika hili naona alikuwa na haki. Baada ya kupasukiwa na bastola ya kipimo cha .45 aliihama akaenda kwenye .44, kwani katika kigurudumu kile kile tundu jembamba huacha kuta nene zaidi. Akabuni risasi ya gramu 16 hivi, yenye bega kali, ambayo kalibu yake ilitengenezwa na Lyman. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Hercules wakatoa baruti iliyoitwa 2400, iliyokusudiwa bunduki ndogo ya .22 Hornet, naye akaona kuwa uchomaji wake wa taratibu, usiofaa risasi nyepesi ya bastola, ndio hasa ulioisukuma risasi nzito bila ya kuishtua. Alidai kwa miaka mingi viwanda viuze risasi ya namna hiyo, na mwishoni mwa mwaka 1955 Smith & Wesson pamoja na Remington wakaitoa .44 Magnum.

Wasiopenda kishindo walibaki na Unique, iliyo kati na kati. Majedwali ya watengenezaji wa leo yanaweka kiasi cha 2400 chini ya alichokiandika Keith, na wafuasi wake hawajaacha kuteta juu ya sababu yake.