Makasha ya harusi yaliyoiga makaburi ya Kirumi

ANAYETAZAMA kasha la mbao lililochongwa Florence au Roma katikati ya karne ya 16 huenda akadhani ameona jeneza. Hatakuwa amekosea sana. Umbo lake, lenye ubavu uliobinuka na miguu ya makucha ya simba, liliigwa kutoka kwa majeneza ya mawe ya Warumi wa kale. Hata hivyo kasha hilo, liitwalo cassone kwa Kiitaliano, lilihusu harusi wala si mazishi. Humo bi harusi alitia nguo na vitambaa alivyotoka navyo kwao. (Neno letu kasha, sawa na meza, lilitokana na Kireno cha zama hizo hizo.)

Awali makasha hayo yalipakwa rangi na kuchorwa hadithi. Mfano mashuhuri ni jozi ya mwaka 1472 iliyotengenezewa harusi ya Lorenzo Morelli na Vaggia Nerli wa Florence, ambayo sasa imo katika jumba la sanaa la Courtauld, London.

Karne iliyofuata rangi iliipisha patasi, na vitabu vilichangia pakubwa. Mwaka 1511 Fra Giocondo alichapisha mjini Venice kazi ya Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, ikiwa na michoro. Mwaka 1537 Sebastiano Serlio akatoa kitabu kuhusu aina tano za nguzo. Seremala ambaye hakuwahi kukanyaga Roma sasa aliweza kupima nguzo kwa uwiano wa kale.

Nchini Ufaransa, Hugues Sambin wa Dijon, aliyekuwa seremala na msanifu pia, alichapisha mwaka 1572 michoro ya nguzo zenye umbo la binadamu. Kabati za Burgundy zikafanana na nyumba ndogo zenye nguzo na paa la pembetatu. Nguzo hizo hazikubeba uzito wowote; ni pambo tupu, lakini pambo lililopimwa kwa nidhamu. Mbao za mjozi zilipendwa kwa kuwa nyuzi zake zimeshikamana, hivyo hukubali nakshi ndogo bila kumeguka.

Katika karne ya 19 matajiri walianza kuyasaka makasha haya, na mafundi wajanja wakaunda "ya kale" kwa vipande vya mbao kuukuu. Ndiyo maana wachunguzi hawaanzi na nakshi, bali ndani na nyuma. Wadudu hutoboa mbao kwa tundu dogo la kutokea. Mifereji yao ikionekana wazi juu ya ubao, basi ubao huo ulipasuliwa baada ya kuliwa.