Kunafa ya jibini kwa jiko la nyumbani

Kila Ramadhani ikikaribia, swali huwa ni lile lile: kunafa ya jibini yaweza kupikwa nyumbani bila jibini ya Kiarabu? Yawezekana, ila si kwa jibini yoyote.

Haluwa na kaimati tumezoeana nazo kupitia Oman na Ghuba. Kunafa hii ni ya Sham, na mji unaosifika nayo kuliko yote ni Nablus, Palestina. Jibini ya huko ni nyeupe, hutiwa ndani ya maji ya chumvi ili idumu, na kabla ya kupikwa hurowekwa, maji yakibadilishwa mara kadhaa, hadi chumvi yote itoke. Ipo pia akkawi, yenye jina la mji wa Akka. Zikipata moto huyeyuka na kuvutika kama uzi. Ukiletewa na jamaa kutoka Ghuba, roweka usiku kucha ndani ya friji, kisha onja. Ikiwa bado ina chumvi, badilisha maji tena.

Sasa, jibini tunayogandisha wenyewe kwa ndimu haiyeyuki hata uipike mpaka kesho. Mozzarella huyeyuka, lakini peke yake ikipoa huwa kama mpira, na bei yake mwaijua. Mimi huchanganya nusu kwa nusu. Chemsha lita 2 za maziwa, epua, tia maji ya ndimu kidogo kidogo hadi yakatike, chuja kwa kitambaa na uyakamue vizuri. Changanya na mozzarella isiyo na chumvi nyingi, gramu 200 hivi.

Nyuzi za unga, kataifi, huuzwa zikiwa zimegandishwa. Gramu 250 zatosha sinia ndogo. Zikatekate, uzisugue kwa samli iliyoyeyushwa, nusu kikombe au zaidi kidogo, hadi kila uzi ung'ae. Usiibanie samli. Ukizikosa, kaanga tambi nyembamba kwa samli mpaka zigeuke rangi, unyunyize maji zilainike. Mpishi wa Nablus atatikisa kichwa, lakini huliwa na zikaisha.

Shira isiwe nzito kama ya kaimati. Vikombe 2 vya sukari, kimoja cha maji, kijiko cha maji ya ndimu; ichemke dakika 8 hivi, kisha tia marashi mawaridi. Iache ipoe kabisa, kwani kunafa ya moto hunywa shira baridi na bado hubaki na ukavu wake wa juu.

Paka sinia samli, tandaza nyuzi na uzikandamize, weka jibini juu bila kufika ukingoni, kwani ikigusa chuma huganda na kuungua. Huko Nablus sinia huwekwa juu ya moto na kuzungushwa, kwa hiyo jiko letu la makaa lafaa sana, mradi makaa yawe machache. Zungusha sinia kila baada ya dakika mbili. Inua ukingo kwa kisu. Chini kukiwa na rangi ya dhahabu, funika kwa sinia nyingine na upindue mara moja bila kusita.

Mwagia shira, nyunyiza pistachio au lozi zilizotwangwa, na uandae papo hapo. Wageni wakichelewa, usipindue bado. Iache jikoni juu ya makaa yaliyofunikwa jivu.