Makadhi wa Pwani na Elimu Isiyokoma

Ibn Battuta, msafiri wa Kimaghribi aliyefika Mogadishu mwaka 1331, ametuachia khabari fupi ya namna mashauri yalivyosikilizwa katika mji ule, nayo ni khabari ambayo yeyote anayeifuatia historia ya uamuzi katika mwambao wetu hana budi kuanza nayo. Anaeleza ya kwamba kadhi wa mji alikuwa mtu wa asili ya Misri, na kwamba siku ya hukumu kadhi huyo hakuketi peke yake, bali aliketi pamoja na mawaziri, na katibu, na maamiri wanne wakubwa. Yaliyokuwa ya sheria akayaamua kadhi, yasiyokuwa ya sheria wakayaamua wale watu wa shauri, na lile lililohitaji rai ya Sultani likaandikwa katika waraka na kupelekwa ndani, nayo majibu yakarejea papo hapo yameandikwa mgongoni mwa waraka ule ule.

Wanahistoria wameitazama sana khabari hiyo kwa ajili ya mambo ya utawala, lakini kuna jambo jingine ndani yake lisilostahili kupuuzwa. Mtu amekuja kutoka Misri na elimu yake kifuani, akawekwa katika mji ambao biashara yake, lugha yake na desturi zake hakuzaliwa nazo, na kila shauri linapoletwa mbele yake huamua mbele ya watu wanaoyajua yale asiyoyajua. Elimu aliyokuja nayo ilimfikisha katika kiti. Ile ya pili, ya kumwezesha kukikalia kwa haki, ilikuwa bado inamngoja. Na sisi tumezoea kudhani ya kwamba mafunzo ya waamuzi walio kazini ni jambo lililozuliwa jana, pamoja na semina na vyeti vyake, ilhali swali la namna gani mtu aliyekwisha kukabidhiwa hukumu ataendelea kusoma ni kongwe sawa na mahakama zenyewe.

Vitabu vya fikihi vya madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu walio wengi wa pwani hii, vinamtaka kadhi awe mujtahidi, yaani mwenye uwezo wa kuitoa hukumu katika asili zake, si mwenye kuinakili tu kutoka kwa waliomtangulia. Wanavyuoni wenyewe walijua ya kuwa watu wa daraja hiyo ni wachache mno, wakakubali kwa dharura kwamba mtawala akimteua asiyefika daraja hiyo hukumu zake zitapita. Lakini dharura hiyo haikuachwa bila ya dhima: kadhi aliamriwa kuwashauri wanavyuoni katika mambo yenye tashwishi, kutohukumu akiwa na ghadhabu au njaa, na kuvirejea vitabu. Na vitabu hivyo si vya kusomwa mara moja vikafungwa. Minhaji ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, imefafanuliwa na Ibn Hajar katika Tuhfa na Ramli katika Nihaya, na mabwana hawa wawili wa karne ya kumi na sita wanahitilafiana katika mas-ala mengi, watu wa Hadhramaut wakielekea aghalabu kwa wa kwanza na watu wa Misri kwa wa pili. Basi kadhi wa Lamu au wa Unguja, ambaye bandarini pake wote hao walikuwa wakishuka, hakuweza kutosheka na rai moja aliyoikariri ujanani.

Ndiyo sababu darsa ilikuwa sehemu ya ukadhi. Alfajiri au baina ya magharibi na isha, msikitini au katika sebule ya nyumba yake, kadhi alisomesha; na mwenye kusomesha kitabu kizito mbele ya wanafunzi wenye akili kali husoma kuliko wao, kwa kuwa swali la mwanafunzi humrejesha katika ukurasa aliodhani amekwisha kuufahamu. Zama za Sultani Sayyid Said, ambaye yeye mwenyewe alikuwa Ibadhi lakini akawaweka makadhi wa Kisunni pamoja na wa Kiibadhi, alikuwako Unguja Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, mtu wa asili ya Barawa, kadhi na mwalimu kwa wakati mmoja. Na katika waliosoma kwake alitoka Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, Mbarawa pia, aliyepewa ukadhi wa Kilwa angali kijana mno, kisha akawa kadhi wa Unguja mpaka karibu na mwisho wa karne ile. Ukadhi wa Kilwa haukuwa mwisho wa masomo yake. Kwa umri aliokuwa nao, tungeweza kusema ulikuwa mwanzo wake.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumait. Alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, akasoma kwa babake na kwa wanavyuoni wa Ngazija na Unguja, akaenda Hadhramaut kwa masharifu wakubwa wa Tarim na Seiyun, na alipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu Sultani Barghash akamfanya kadhi. Mtu mwingine angaliona ya kwamba amefika. Yeye, baada ya kuhitilafiana na Sultani, aliuacha ukadhi, akasafiri mpaka Istambul kwa Sayyid Fadhil bin Alawi, aliyejulikana kwa jina la Fadhil Pasha, akaketi kwake akisoma. Kisha akapita Misri, akafika Azhar, akenda Makka, na safari zake zikamfikisha hata Java. Aliporejea Unguja mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufariki, Sultani Khalifa alimrudisha katika kiti kile kile, naye akakikalia mpaka alipofariki mwaka 1925. Kadhi aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Tena hata katika miaka ile mirefu ya ukadhi wake wa pili hakuacha kusafiri kwenda Hadhramaut, wala kuandikiana na wanavyuoni wa mbali, wala kutunga vitabu, na nyumba yake ikawa ndiyo chuo kikuu cha makadhi waliomfuata, mwanawe Sayyid Umar akiwa mmoja wao.

Utaratibu huu ulikuwa na aibu zake, na si insafu kuzificha. Kwanza, hapana aliyemlazimisha kadhi mvivu. Aliyeamua kukifunga kitabu siku alipoteuliwa aliweza kuishi hivyo mpaka mwisho wa umri wake, na waliodhurika ni mayatima na wajane wasiokuwa na wa kuwasemea. Pili, mlango wa darsa hizo ulikuwa mpana kwa watoto wa koo fulani, akina Sumait, akina Amawi, akina Mazrui, na mwembamba kwa wengine. Hata Lamu, alipotokea Habib Swaleh wa Jamalilil akawasomesha watu wote bila ya kutazama nasaba, katika chuo ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Riyadha, jambo hilo liliwatia watu wengi mshangao na wengine hasira. Tatu, hapakuwa na mtu aliyeandika ni nini kilichofundishwa, kwa hiyo mengi yalizikwa na wenyewe.

Misri, penye vyuo vikubwa kuliko vyote, ndipo hoja ya kumtengenezea kadhi chuo chake mahsusi ilipoanza kupata nguvu. Muhammad Abduh, alipokuwa Mufti, alizikagua mahakama za sheria na kuandika taarifa ya namna ya kuzitengeneza, na mwaka 1907, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki, ilifunguliwa Kairo Madrasa ya Ukadhi wa Sheria, iliyochanganya fikihi na hesabu, historia na utaratibu wa mahakama. Afrika ya Magharibi nako, Emir Abdullahi Bayero wa Kano alianzisha mwaka 1934 skuli ya sheria ya kuwafunza maalkali, yaani makadhi wa huko, akaleta walimu kutoka Sudan. Kwetu pwani, ambako makadhi walikuwa wakisoma maandiko ya Abduh na ya wafuasi wake, hapakujengwa chuo kama hicho. Na huzuni yake ni kwamba huo ndio wakati hasa kilipohitajika, kwa sababu kazi ya kadhi ilikuwa imegeuka.

Imegeuka kwa namna gani? Baada ya mapatano ya mwaka 1895 baina ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar juu ya mwambao wa maili kumi, na kanuni za mahakama za wenyeji za mwaka 1897, kadhi wa Mombasa, Malindi au Lamu alikuta ya kwamba yumo katika ngazi moja na liwali na mudiri, chini ya majaji wa Kiingereza, akitakiwa kuweka kumbukumbu za kila shauri, kuandika sababu za hukumu yake, na kuvumilia rufani inayosikilizwa na mtu asiyejua Minhaji ni kitu gani. Hapana aliyemfundisha hayo. Alijifunza kwa karani wake, kwa barua za lawama kutoka juu, na kwa hukumu zake zilizotanguliwa.

Na huyo jaji aliyekuwa juu yake alikuwa na haja ya elimu kuliko yeye. Mwaka 1894 Baraza la Mfalme huko London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani kwa makoloni, liliamua katika shauri lililotoka Bara Hindi kwamba wakfu uliowekwa kwa faida ya watoto na wajukuu, na mafakiri wakafikiriwa mwishoni kabisa, si wakfu wa kweli, kwa kuwa akili ya Kiingereza haikuweza kuona sadaka katika kuwatunza jamaa. Waislamu wa Hindi walipiga kelele mpaka ikatungwa sheria ya mwaka 1913 ya kuuhalalisha. Lakini sheria hiyo ilikuwa ya Hindi tu. Ile hukumu ya 1894 ilivuka bahari, sheria ya 1913 haikuvuka. Majaji wa Afrika ya Mashariki, waliosoma fikihi katika vitabu vya Kiingereza vilivyotungwa kwa ajili ya Hindi na aghalabu kwa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, waliwahukumu Mashafi wa Mombasa kwa kipimo kile, na Baraza lenyewe likakithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, hata ikahitajiwa sheria ya kutungwa ili wakfu wa jamaa urejee katika uhalali. Nyumba na mashamba yaliyowekwa na wazee kwa vizazi vyao yalikuwa hatarini, wala si kwa dhuluma ya mtu, ila kwa jaji aliyeihukumu sheria ambayo hakuketi chini kuisoma kwa wenyewe. Sioni hoja iliyo na nguvu kuliko hiyo kwa mwenye kuuliza kwa nini mwamuzi asomeshwe tena na tena.

Katika zama hizo hizo aliinuka Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, akalelewa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, na kuchota elimu Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na kwa Sheikh Abdallah Bakathir, mwenye madrasa ya Ukutani. Kabla ya kuwa kadhi wa Mombasa mwaka 1932, na Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alikwisha kuanzisha gazeti la Sahifa, kisha Al-Islah, akiwaeleza watu kwa Kiswahili chepesi mambo ambayo zamani yalifungiwa katika Kiarabu cha vitabuni. Ukadhi haukumwondoa katika kusomesha. Kwake walipita Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1963, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 1968 baada ya kuwa kadhi wa Zanzibar tangu 1960. Farsy alikuwa mwalimu wa skuli kwa kazi yake ya kwanza, na hilo linaonekana katika kila alichokiandika. Kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, kilichotoka mwaka 1972, ndicho kinachotuwezesha leo kujua nani alisoma kwa nani, na kwa hiyo kuijua ile silsila ya makadhi ambayo daftari za serikali hazikuijali.

Baada ya uhuru njia ziliachana. Tanganyika ilizifuta mwaka 1963 mahakama za wenyeji, ikaunganisha ngazi zote katika utaratibu mmoja wa mahakimu. Zanzibar ilizirejelea mahakama zake za kadhi kwa sheria ya mwaka 1985. Na Kenya, kwa kuyatimiza mapatano ya mwaka 1963 baina ya Mzee Kenyatta na Sheikh Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, juu ya mwambao, ilitunga Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967. Sheria hiyo ya Kenya inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu inamtaka kadhi afuate kanuni za ushahidi za Kiislamu, na wakati huo huo asikilize mashahidi wote bila ya kubagua dini wala jinsia, na aupime ukweli wa maneno yao wala si idadi yao. Hayo ni mas-ala ya kukesha nayo mwanachuoni aliyekomaa, seuze kijana aliyetoka chuoni Madina au Khartoum mwaka uliopita.

Vyuo ndivyo vilivyokuja mwisho. Tanzania ilianzisha kwa sheria ya mwaka 1998 Chuo cha Uongozi wa Mahakama huko Lushoto, katika milima ya Usambara, na Kenya ikaanzisha taasisi yake ya mafunzo ya mahakama mwaka 2008. Kisha Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 172, ikaipa Tume ya Utumishi wa Mahakama wajibu wa kutayarisha na kutekeleza mipango ya elimu endelevu kwa majaji na maofisa wa mahakama, makadhi wakiwamo. Kwa mara ya kwanza jambo lililokuwa dhima ya nafsi ya kadhi limekuwa dhima ya dola, na hili ni jema kubwa, kwa kuwa mvivu sasa ana wa kumwuliza.

Hata hivyo siku tatu za semina si darsa. Sayyid Ahmad na Sheikh al-Amin waliketi na kitabu kimoja na watu wale wale kwa miaka, na kosa la mmoja likasahihishwa na mwalimu aliyemjua tangu utoto. Kuna mahali pamoja ambapo ukaribu huo ungeweza kurudi bila ya kujenga jengo jipya: rufani ya shauri la kadhi nchini Kenya inapofika Mahakama Kuu, jaji hukaa pamoja na Kadhi Mkuu, au makadhi wawili, kama washauri wake. Leo ushauri huo hutolewa, shauri huamuliwa, na wote huondoka. Ungewekwa utaratibu wa kuwa kila rufani ya namna hiyo irejeshwe chuoni baada ya kwisha, jaji na makadhi waliokaa pamoja wakaisomesha kwa zamu mbele ya wenzao, huyu akieleza utaratibu na yule akiifungua Tuhfa, basi mahakama zingekuwa na darsa yake yenyewe, na jaji ajaye atakayeletewa wakfu wa mzee wa Mombasa hangehitaji kuutafuta katika vitabu vya Hindi.