Runinga ya kisogo: Sifa na kasoro za chombo cha kale

KATIKA vijiji vingi vya magharibi mwa Kenya, tangu Kitale hadi Lwakhakha, mji wa mpakani ambako mto wenye jina hilohilo huitenga Kaunti ya Bungoma na Uganda, runinga ilifika sebuleni kabla ya nguzo za umeme. Iliyowezesha jambo hilo ni runinga ya kisogo, ile yenye kioo kilichobinuka na mgongo uliojaza nusu ya meza.

Kiini chake ni neli ya kioo isiyo na hewa ndani, iliyobuniwa na Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Kwenye shingo ya neli, kathodi iliyopashwa moto hutoa mwale wa elektroni. Sumaku za umeme huuelekeza mwale huo upande hadi upande, mstari baada ya mstari, na kila unapogonga unga maalumu uliopakwa nyuma ya kioo, nuru huchomoza. Katika mfumo uliotumiwa nchini, picha moja ilikuwa na mistari 625, na picha 25 zilichorwa kila sekunde.

Kenya ilianza kurusha matangazo ya runinga mwaka 1962, na hadi KTN ilipozaliwa mwaka 1990, shirika la serikali ndilo lililokuwa na kituo cha pekee. Katika miaka iliyofuata, runinga zisizo na rangi za inchi 14, hasa za Greatwall, zilienea mashambani kwa sababu ziliweza kutumia betri ya gari ya volti 12. Betri ya saa-ampia 50 hubeba takriban wati-saa 600. Ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, huendesha runinga ya wati 30 kwa muda wa saa 10 hivi. Baada ya hapo ilibebwa hadi sokoni ikachajiwe.

Sifa zake si haba. Picha huonekana vyema hata kwa aliyeketi pembeni, jambo la maana pale majirani walipojaa chumba kizima kutazama mpira. Weusi wake ni mweusi hasa, na mchezaji anayekimbia haachi kivuli nyuma yake. Zaidi ya hayo, fundi wa kijijini aliweza kuifungua, akabadilisha kipuri kimoja na kuirejesha kazini.

Kasoro zake nazo ni nzito, kama chombo chenyewe. Runinga ya rangi ya inchi 21 huweza kuzidi kilo 20, na hula umeme mwingi kuliko runinga bapa ya ukubwa huohuo. Picha humetameta na kuchosha macho, na sumaku ya spika ikiwekwa karibu huvuruga rangi. Tangu Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, haiwezi kuyapokea bila kingamuzi. Anayenunua kingamuzi hana budi kutazama nyuma ya runinga kwanza: yenye tundu la antena pekee huhitaji kingamuzi chenye njia ya antena, au kifaa cha kugeuza mawimbi, zenye matundu ya nyaya za rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu huunganishwa kwa urahisi zaidi.

Lililo kuu ni usalama. Ndani ya runinga ya rangi mna volti zipatazo 25,000, na sehemu ya nguvu hizo huweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Asiye fundi asithubutu kufungua kisogo. Neli ikipasuka, hewa ya nje huibana kwa ghafla na vipande vya kioo huruka.

Kioo hicho pia kina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kuivunja runinga ili kutoa nyaya za shaba, kisha kuyatupa mabaki mtoni au kuyachoma uani, ni kuihatarisha familia kwa faida ndogo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawabebesha wazalishaji wajibu wa bidhaa zao hata zinapogeuka taka.

Basi, iliyo nzima na itumike. Iliyokufa ihifadhiwe ikiwa nzima, mbali na watoto, hadi ifikishwe kwa wakusanyaji wa taka za elektroniki.