Limetengenezwa wapi? Historia ya gitaa la umeme na jina la nchi

Siku ya gulio pale Ngaramtoni, Arusha, mnunuzi makini huuliza asili ya kitu kabla ya bei yake. Iwe redio, pasi au spika ya kanisani, swali ni moja: "Hii ya wapi?" Akijibiwa Japani au Ujerumani, mkono unaelekea mfukoni. Akijibiwa China, bei inaanza kushushwa hata kabla kitu hakijawashwa. Gitaa la umeme, liwe limevuka mpaka wa Namanga kutoka Nairobi au limepandishwa na basi kutoka Dar es Salaam, halikwepi swali hilo. Kijana wa kwaya hulipindua, akasoma maandishi madogo nyuma ya kichwa cha gitaa, na mara nyingi huwa ameshaamua kabla hajagusa uzi.

Swali lenyewe ni la haki, maana gitaa baya humla mnunuzi fedha na humkatisha tamaa anayejifunza. Lakini jibu lake limebadilika kila kizazi. Nchi iliyodharauliwa na baba ndiyo inayotafutwa na mwana, na kiwanda kilichosifiwa kwa miaka 15 kimewahi kupoteza sifa hiyo ndani ya michache. Anayeijua historia hiyo hauziwi jina akidhani ananunua gitaa.

Chapa iliyokusudiwa kuaibisha

Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya alama za bidhaa. Wenye viwanda wa Sheffield walikuwa wakilalamika kwamba visu vya bei rahisi kutoka Solingen, Ujerumani, vinauzwa kama vyao. Sheria ikataka bidhaa ya kigeni inayoweza kudhaniwa kuwa ya Kiingereza iandikwe ilikotoka. Nia ilikuwa kumwonya mnunuzi. Haikuchukua muda mrefu onyo hilo likawa sifa: watu wakaona kwamba vitu vya Ujerumani vinadumu, wakaanza kuvitafuta kwa jina lile lile lililowekwa ili vikataliwe.

Mwaka huo huo, fundi Karl Höfner alianzisha karakana ya ala za nyuzi huko Schönbach, mji wa Bohemia ambao leo unaitwa Luby na uko Jamhuri ya Czech. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakazi wenye asili ya Kijerumani walifukuzwa huko, na familia ya Höfner pamoja na mafundi wengi wakahamia Bubenreuth, Bavaria. Jina la nchi kwenye ala zao likabadilika, ilhali mikono ilikuwa ile ile na ujuzi ni ule ule. Mwaka 1961 kijana wa Liverpool, Paul McCartney, alinunua gitaa la besi la Höfner mjini Hamburg, kwa sababu Fender ya Marekani ilikuwa ghali mno kwake. Miaka michache baadaye bendi yake, The Beatles, ilijulikana dunia nzima, na besi iliyonunuliwa kwa kukosa fedha ikawa ya kutamaniwa.

Fundi redio wa Fullerton

Marekani ilipata jina lake kwa njia nyingine. Leo Fender wa Fullerton, California, alikuwa fundi redio, wala hakuwa mpiga gitaa. Gitaa aliloanza kuliuza mwaka 1950, ambalo tangu 1951 linaitwa Telecaster, lilikatwa kutoka kwenye ubao mzima usio na uwazi ndani, na shingo yake ikafungwa kwa skrubu nne. Liliundwa haraka, na likiharibika shingo hubadilishwa kama spea. Stratocaster ikafuata mwaka 1954. Gibson, wakati huo kampuni ya Kalamazoo, Michigan, iliyoanza na ala za kuchongwa kwa mkono, ilikuwa imeshatoa Les Paul yake mwaka 1952.

Januari 1965 Leo Fender aliuza kampuni yake kwa CBS, shirika kubwa la utangazaji, kwa dola milioni 13. Uzalishaji ukaongezwa kwa kasi, na baada ya muda wapigaji wakaanza kulalamika: shingo hazikai sawasawa, rangi ni nzito, ukaguzi umelegea. Hadi leo Fender iliyotengenezwa kabla ya mauzo hayo huuzwa kwa bei ya juu mno kuliko ya miaka iliyofuata. Mji ulikuwa ule ule na jina ni lile lile. Kilichobadilika ni mwenye mali na haraka yake. Mtu akikwambia gitaa la Marekani ni bora, una haki ya kumuuliza: la mwaka gani?

Osaka, 1970

Mwaka 1970 Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya kimataifa ya Expo 70. Mbele yake alikuwa Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo ambaye vidole vyake vilijulikana pwani na bara, na safari ile aliitungia wimbo.

Japani aliyofika Mbaraka ilikuwa bado inachekwa na wapiga magitaa wa Marekani na Ulaya. Kampuni ya FujiGen, iliyoanzishwa mwaka 1960 mjini Matsumoto katika mkoa wa milima wa Nagano, ilikuwa miongoni mwa viwanda vilivyounda magitaa kwa ajili ya wengine. Magitaa mengi ya Kijapani yalinakili maumbo ya Fender na Gibson. Ya mwanzo hayakuwa mazuri, na watu waliyaita ya kuigiza. Lakini mafundi wa Matsumoto waliendelea kujifunza, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 nakala zao zilikuwa zimekaribia asili, na nyingine kuipita. Mwaka 1977 Norlin, kampuni iliyomiliki Gibson, ilifungua kesi huko Philadelphia dhidi ya Elger, wasambazaji wa magitaa ya Ibanez kutoka Japani, ikidai wameiga umbo la kichwa cha gitaa la Gibson. Pande mbili zilipatana nje ya mahakama mwaka uliofuata. Hakuna anayehangaika kumshtaki mwigaji asiyemnyang'anya wateja.

Mwaka 1982 Fender wenyewe waliungana na wafanyabiashara wa Tokyo na kuunda Fender Japan, kazi ikafanywa na FujiGen. Mwaka 1985 mameneja wa Fender waliponunua kampuni kutoka CBS hawakupata kiwanda cha Fullerton, na kwa kipindi fulani sehemu kubwa ya magitaa waliyoyauza yalitoka Japani. Magitaa ya Kijapani ya miaka ile, yaliyoanza kama mbadala wa bei nafuu, leo yanawindwa na wakusanyaji.

Arusha na vyombo vya bendi

Je, wanamuziki wetu waliyapata wapi magitaa yao? Kwa wengi, uchaguzi haukuwa wao. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi: klabu, chama, jumuiya ya wafanyakazi, jeshi, polisi au mfanyabiashara. NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, na mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka mikono mitupu. Ndiyo maana uhamaji wa wanamuziki ulikwenda sambamba na habari za vyombo: bendi yenye vyombo vipya ilivuta wapigaji kutoka bendi zenye vyombo vilivyochakaa.

Arusha ina sehemu yake katika historia hiyo. Mwaka 1970 ndugu Wilson na George Kinyonga, waliotoka Jamhuri Jazz ya Tanga, walikuja hapa wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata walivuka kwenda Kenya, na bendi ikajulikana kama Simba Wanyika. Wilson akiwa kwenye solo na George kwenye rithimu, walijenga mpigo wa magitaa mawili yanayosokotana ambao hadi leo husikika kwenye mabasi kati ya Arusha na Nairobi. Nairobi walikuta studio, kampuni za kurekodi na maduka ya vyombo, mambo ambayo Arusha haikuwa nayo kwa kiwango hicho.

Kisha fedha za kigeni zikaadimika. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 na uchumi uliodorora vilifanya uagizaji wa gitaa uonekane anasa mbele ya dawa, mafuta na spea. Mpaka serikali ilipowaruhusu, mwaka 1984, watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mafundi waliviweka hai vyombo vya zamani kwa kulehemu, kuunga waya na kuchonga mbao. Wapigaji wa miaka hiyo walifanya kazi kwa vyombo walivyovikuta, na nyimbo walizotuachia ni ushahidi kwamba muziki mkubwa haukuwahi kusubiri chapa.

Kwa nini kazi ilihama

Mwezi Septemba 1985 mataifa makubwa ya kiuchumi yalikubaliana New York kushusha thamani ya dola, na ndani ya miaka mitatu yen ikawa imepanda karibu mara mbili dhidi yake. Gitaa la Matsumoto likawa ghali. Kazi ya bei nafuu ikahamia Korea Kusini. Huko migomo mikubwa ya wafanyakazi ya mwaka 1987 ilifuatwa na mishahara bora, na katika miaka ya 1990 kazi ikasogea tena, Indonesia na China. Fender nao walifungua karakana Ensenada, Meksiko, mwaka 1987, kusini tu ya mpaka wa California.

Jina la Epiphone linaonyesha safari nzima. Lilitokana na familia ya Stathopoulo, Wagiriki waliohamia New York mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1957 lilinunuliwa na Gibson na kazi ikaenda Kalamazoo. Karibu na mwaka 1970, Morogoro Jazz ikiwa Osaka, uzalishaji ulihamishiwa Japani. Katika miaka ya 1980 ukaenda Korea, na mwaka 2004 Gibson ikafungua kiwanda cha Epiphone mjini Qingdao, China.

Kila hatua ilikuwa na watu. Kampuni ya Cor-Tek ya Korea, iliyoundia magitaa majina mengi makubwa, ilifunga viwanda vyake vya nyumbani mwaka 2007 huku kazi ikiendelea Indonesia. Wafanyakazi walioachishwa waliandamana kwa zaidi ya miaka kumi, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2019. Bei ndogo tunayoifurahia dukani ina upande huo pia, na haifai kusahauliwa.

Je, nchi haina maana kabisa? Ina maana, kwa kuwa mshahara wa nchi huamua fundi atalipwa saa ngapi kwa gitaa moja. Saa hizo ndizo zinazosawazisha freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na kukausha mbao kabla ya kuzikata. Lakini kiwanda kimoja cha Indonesia huweza kutoa gitaa la mwanafunzi na gitaa la jukwaani kwa wiki moja, kila moja likifuata bei aliyokubali kulipa mwagizaji. Maandishi ya nyuma ya kichwa hayakwambii ni lipi kati ya hayo mawili. Inabidi uliangalie gitaa lenyewe: shingo imenyooka? Ukibonyeza kila freti, sauti inatoka safi? Ukikaza uzi, unashika? Hapa mlimani Arusha, gitaa lililoundwa kwenye joto la unyevu huweza kusinyaa ubao wake wa shingo msimu wa kiangazi, ncha za freti zikachomoza na kukwaruza kiganja. Kuzipiga tupa ni kazi ndogo kwa fundi anayejua, na haimaanishi umeuziwa takataka.

Mbao zetu, jina la wengine

Kuna jambo linalotugusa zaidi. Klarineti nzuri za Ufaransa, zenye jina la Paris mwilini, huchongwa kwa mpingo, na mpingo huo hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Baadhi ya waundaji wa magitaa pia huutumia. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, nao huchukua zaidi ya miaka 70 kufaa kuvunwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, ili mti huo uwafaidi wanaoutunza. Hapa kaskazini, Sebastian Chuwa wa Kilimanjaro alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuhamasisha upandaji wa mpingo, hadi alipofariki mwaka 2014.

Dunia imeanza kuuliza asili ya mbao kwa ukali ule ule wa kuuliza asili ya kiwanda. Mwaka 2011 maofisa wa Marekani walivamia viwanda vya Gibson huko Tennessee kwa sababu ya mbao za India, baada ya msako mwingine wa 2009 kuhusu mbao za Madagaska, na mwaka 2012 kampuni ikakubali kulipa dola 300,000. Mwaka 2017 jamii yote ya mpingo iliwekwa chini ya vibali vya biashara ya kimataifa, na mwaka 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo.

Juu kidogo ya Ngaramtoni kipo Chuo cha Misitu Olmotonyi, kinachofundisha wataalamu wa misitu tangu mwaka 1937. Mjini Arusha kiliwahi kufanya kazi kiwanda cha General Tyre, ambacho matairi yake madereva wa nchi nzima waliyaamini. Kwa hiyo ujuzi wa mbao tunao, mbao tunazo, na tumewahi kuwa na jina. Kilichokosekana ni karakana ya ala itakayovumilia miaka ya kuchekwa, kama Matsumoto ilivyovumilia, huku kila gitaa likitoka bora kuliko lililotangulia. Kazi hiyo haitaanzishwa na sera peke yake. Inahitaji fundi atakayeanza, shule na kanisa vitakavyompa oda ya kwanza, na mnunuzi atakayelipiga gitaa lake kwanza, kisha ndipo asome limetoka wapi.