Nyumba ya Delta na Miguu Isiyotii

Nyumba ya asili ya delta ya Rufiji ilijengwa kwa kuuogopa mto. Salale, upande wa kaskazini wa delta katika wilaya ya Kibiti, imezungukwa na mikoko, na humo ndimo zilimotoka nguzo, boriti, pau na fito. Miti ya mkandaa na mkoko ilipendwa kwa kuwa mchwa hawaishambulii upesi. Fito zilifungwa kwa kamba, kuta zikakandikwa udongo, juu makuti. Kwenye mashamba ya mpunga bondeni, familia zilihamia madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, zikakaa humo msimu wa mafuriko huku zikilinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Ya kupandia ilikuwa ngazi ya miti.

Kwa mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson, ngazi hiyo peke yake yatosha kumfungia nje ya nyumba yake. James Parkinson, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817. Mikono hutetemeka, viungo hukakamaa, mwendo huwa wa polepole, na baadaye miguu huganda ghafla, hasa mlangoni au mahali pembamba. Nchini Tanzania ulichunguzwa kwa makini wilayani Hai, Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa 2008 ulikuta wagonjwa 33 katika watu zaidi ya 160,000, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na tabibu wanaumwa nini. Uzee ndio uliolaumiwa, na uzee haurekebishiwi nyumba.

Mafuriko makubwa ya 1968 yalibadili makazi ya bonde. Serikali iliwahamisha wakulima wengi kutoka bondeni hadi miinukoni, miaka michache kabla ya Operesheni Vijiji, kampeni ya kuwakusanya watu vijijini, kuenea nchi nzima. Huko walijenga nyumba zilizokaa chini, na ngazi ya dungu ikabaki shambani. Mguu mzito ulinufaika, ingawa hakuna aliyeupangia faida hiyo.

Hata hivyo, nyumba ya kawaida ya pwani ina mitego yake. Kizingiti hupita juu ya sakafu kidogo tu, nacho ndicho kinachomkwaza asiyeinua mguu vizuri. Korido katikati ya vyumba ni nyembamba, na jiko na choo viko uani. Kitanda cha kamba nacho kina hila. Kamba hulegea hadi katikati pakawa shimo, ndiyo maana kikaitwa teremka tukaze. Shimo hilo humsumbua kidogo mtu mwenye afya, lakini mgonjwa ambaye kujigeuza tu usiku ni kazi hubaki shimoni humo mpaka aitiwe mtu. Kukaza kamba mara kwa mara, au kuweka mbao juu ya mifumbati na godoro gumu, humpa pa kusukumia. Matendegu yakiinuliwa hadi magoti yakae usawa wa nyonga, kusimama hurahisika.

Vifaa vya marekebisho mengine viko karibu. Boriti iliyolazwa ukutani usawa wa kiuno, kutoka kitandani hadi mlango wa uani, ni mkono wa kushika. Mistari ya chokaa iliyokatiza njia, hatua moja hadi nyingine, humsaidia aliyeganda: akiulenga mstari auvuke, mguu aghalabu hutii. Mikeka inayoteleza huondolewa, na kizingiti hung'olewa au kufunikwa kwa mteremko. Ila boriti haichukuliwi tu. Wajerumani waliitenga mikoko ya delta kuwa hifadhi tangu 1898, na hadi leo ukataji wake unadhibitiwa kisheria.

Choo ndicho kigumu kuliko yote. Maji ya chini ya ardhi yako karibu, na bamvua likija shimo hufurika, kwa hiyo choo huinuliwa, na ngazi iliyokimbiwa shambani hurudi uani. Mteremko mrefu wa udongo ulioshindiliwa, wenye reli pande zote mbili, ni bora kuliko vidato vitatu. Ndani, kiti chenye tundu huwekwa juu ya shimo la kuchuchumaa, na nguzo huchimbiwa upande wa mkono usiotetemeka sana. Usiku, ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda humwondolea safari yote hiyo.