Ziwa la Naivasha: Samaki Walioletwa na Maji Yanayogombewa

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wanachama watasoma habari za hesabu, za mikutano na za maghala. Habari nitakazozieleza mimi ni za jambo lililotangulia chama chochote, nalo ni ziwa lenyewe, maji yake, na samaki waliotiwa humo. Kwa kuwa miongoni mwetu wako wavuvi, wako wakulima wa Kinangop, na wako wanaomwagilia mashamba kandokando ya ziwa, yafaa kila mmoja ajue haki anayoidai mwenzake imetoka wapi.

Ziwa la Naivasha liko katika Bonde la Ufa, yapata mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Jina lake ni la Kimaasai, ingawa wageni wamelipotoa, nalo laeleza maji yenye mawimbi. Na kila aliyevuka ziwa hili kwa mtumbwi wakati wa alasiri anajua kwamba Wamaasai hawakukosea. Mto Malewa ndio uletao sehemu kubwa kabisa ya maji ya mito, ukishuka kutoka Nyandarua na Kinangop. Mto Gilgil huongeza kidogo, nao Karati hutiririka kwa msimu tu. Hapana mto utokao ziwani. Hata hivyo maji yake si ya magadi kama yalivyo ya Nakuru na Elmenteita, maana hupenya chini ya ardhi na kwenda zake polepole, yakichukua chumvi pamoja nayo.

Ziwa hili halina desturi ya kukaa mahali pamoja. Wataalamu waliochunguza matope ya chini yake walitangaza mwaka 2000 kwamba katika karne nyingi zilizopita limepungua na kujaa mara kwa mara, na kwamba ukame mkali wa mwisho kabla ya kuja kwa Wazungu uliendelea hata kufikia miaka ya 1840 hivi. Gustav Fischer na Joseph Thomson walipofika mwaka 1883 walilikuta ni ziwa. Laiti wangalifika miaka hamsini mapema, huenda wangaliandika habari nyingine.

Tena maji hayo mengi yalikuwa karibu hayana samaki. Alikuwamo mmoja tu wa asili, mdogo, asiyetosha kitoweo, naye alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Mwaka 1925 alitiwa perege kutoka mto Athi. Kisha mwaka 1929 akaletwa samaki wa Marekani aitwaye besi, mwenye kinywa kipana, ili walowezi wapate mchezo wa kuvua kwa fimbo. Wenyeji hawakuulizwa. Hata hivyo mgeni huyu aliyeletwa kwa mchezo ndiye aliyekuja kulisha nyumba nyingi, kwani uvuvi wa biashara ulipofunguliwa mwaka 1959, besi na perege ndio waliojaza nyavu.

Inafaa tumwangalie besi kwa makini, kwa sababu tabia yake ndiyo inayofunga habari za samaki na habari za maji. Huyu huwinda kwa macho. Maji yakiwa na tope, hana njia ya kumwona amlaye. Tena dume huchimba kiota katika maji ya kina kifupi karibu na pwani, hulinda mayai, na kuwafukuza wanaokaribia. Maji yakishuka ghafula, kiota hubaki pakavu. Na mafunjo yakifyekwa, watoto wake hukosa maficho. Basi asiyejali habari za mto Malewa hawezi kusema kwamba anawajali samaki wa Naivasha.

Watu walianza mapema kugombea ukingo wa ziwa. Wenye mashamba ya pwani waliunda chama chao tangu zama za ukoloni, na katika miaka ya 1930 serikali iliwaruhusu kuitunza na kuitumia ardhi iliyoachwa na maji yaliposhuka, kwa sharti la kutojenga majengo ya kudumu humo. Sharti hilo lilikuwa la busara. Maji yalishuka mno katikati ya miaka ya 1940, wakati ndege za majini za Waingereza zilipokuwa bado zikitua hapo. Nayo mvua kubwa za kuanzia mwaka 1961 zikayarudisha juu. Waliojenga mabondeni wakalisahau, na mafuriko ya mwaka 2020 yakaingia katika nyumba za watu.

Miaka iliyofuata uhuru ilileta mengi kwa pamoja. Mashamba makubwa ya juu yaligawiwa wakulima wadogo, nao, kwa haki yao, wakalima viazi na kabeji hata kwenye miteremko na kingo za mito. Udongo ukashuka na Malewa. Mwaka 1970 uvuvi ulipata zaidi ya tani 1,000, kisha ukaporomoka. Mwaka huo huo waliletwa kamba wa maji baridi, asili yao Marekani. Wakazaana, wakala majani ya majini, na yungiyungi za buluu zikatoweka kwa miaka mingi. Besi alinufaika, maana aliwala kamba hao kwa wingi, lakini maficho yake yalipungua. Baadaye yakaja mashamba ya maua, kiwanda cha umeme wa mvuke wa ardhini huko Olkaria mwaka 1981, na bwawa la Turasha, ambalo katika miaka ya 1990 lilianza kupeleka maji Nakuru. Wote hao wanakunywa kutoka chungu kimoja.

Samaki walipoadimika, lawama ziliwaangukia wavuvi. Siwatetei wenye nyavu za matundu madogo, wala wale walioingia usiku bila leseni. Madhara yao yanajulikana, na ziwa lilifungwa kwa mwaka mzima kuanzia 2001 kwa sababu hiyo. Lakini kusema kwamba mvuvi peke yake ndiye aliyelimaliza ziwa ni kusoma nusu ya barua. Wakati huo huo alionekana kapi, samaki atafutaye chakula kwa kufukua matope. Katika muda wa miaka michache akawa ndiye mwingi kuliko wote sokoni, na maji ambayo besi huyahitaji yawe maangavu yakazidi kuchafuka.

Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilileta mlango mpya: watumiaji wa maji waliruhusiwa kujiunga katika jumuiya zao, na katika bonde hili zikaundwa kadhaa, za juu na za chini. Baada ya kiangazi kikali cha mwaka 2009, na vifo vya samaki vya mwezi Februari 2010, ulikubaliwa mpango wa kugawa maji kwa kufuata kina cha ziwa: likishuka kupita alama, wachotaji hupunguziwa. Tena wakulima kadhaa wa Kinangop walianza kulipwa kwa hati za kununulia pembejeo, ili wapande nyasi katika matuta na kuacha kingo za mito bila kulimwa. Malipo yalikuwa madogo, nayo yalitoka kwa watumiaji wa chini na wafadhili wao. Kwa mara ya kwanza, mtu wa bondeni alikubali kwamba udongo unaobaki shambani kwa jirani yake wa juu una bei, na kwamba yeye ndiye anayepaswa kuilipa.